Nyota Yako Haijachafuka



Juma hili napenda tutafakari juu ya vitu vilivyo juu ya vichwa vyetu kila usiku, ambavyo sisi wakazi wa katikati ya jiji ni nadra kuvitazama, yaani sayari. Nimechagua jambo hili kwa sababu kila mara wataalamu wanapotangaza kwamba sayari kadhaa zitaonekana zimejipanga angani, simu zetu hujaa ujumbe wa kutisha. Huyu anaandika kwamba litashuka giza la siku tatu, yule kwamba ardhi itatetemeka, na mwingine kwamba milango ya nyota imefunguka, hivyo kila mtu ahakikishe nyota yake imesafishwa kabla milango haijafungwa. Mwisho wa ujumbe huo wa tatu, aghalabu, huwa pana namba ya kutuma fedha.

Maoni yangu nayatoa mapema ili msomaji asihangaike kuyatafuta. Hofu hii haitaondoka kwa kukemewa altareni peke yake. Tumeikemea miaka mingi, na bado matangazo ya kusafisha nyota yamebandikwa kwenye nguzo za umeme. Hapana budi tuongeze dawa nyingine, nayo ni kuwafundisha waamini wetu, hasa vijana na watoto, kulitazama anga kwa macho yao wenyewe. Mtu aliyeifuatilia Zuhura kwa mwezi mmoja, akaona inavyosogea taratibu jioni baada ya jioni, ni vigumu kumwuzia habari kwamba kuna mtu ameiba nyota yake.

Basi, tuanze na swali la msingi. Ni nini hasa hutokea sayari zinaposemwa kwamba zimejipanga?

Sayari zote, pamoja na Dunia yetu, hulizunguka jua zikiwa karibu katika usawa mmoja, mithili ya punje zilizotandazwa juu ya ungo. Sisi nasi tumo ndani ya ungo huo huo. Kwa hiyo tukitazama nje, tunaziona zote zikipita katika njia moja, ile ile ambayo jua hulipitia anga mchana. Hapa Dar es Salaam, kwa kuwa tu karibu na ikweta, njia hiyo huinuka kutoka mashariki, hupita juu sana, kisha hushuka magharibi. Maana yake ni kwamba sayari huonekana katika mstari siku zote. Kinachobadilika ni idadi yake zinazokuwa upande wetu wa usiku kwa wakati mmoja, na ni zipi zinazoonekana kukaribiana.

Kukaribiana huko nako ni kwa macho tu. Simama usiku kituo cha Fire, utazame barabara ya Morogoro kuelekea Magomeni. Taa za gari lililo Jangwani na za gari linaloshuka kutoka Magomeni zaweza kuonekana kana kwamba zimegusana. Mtu asiyeijua barabara angeweza kudhani magari yamegongana, lakini kila dereva yuko mahali pake na hana habari na mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa Desemba 21, 2020, sayari za Mushtarii na Zohali zilipoonekana upande wa magharibi, muda mfupi baada ya jua kuzama. (Zohali wapo walioizoea kwa jina la Sarateni, kwa asili yake ya Kiarabu jina hilo ni la kundi la nyota la Kaa, si la sayari.) Nafasi kati yake angani ilikuwa kama moja ya tano tu ya upana wa mwezi. Hazikuwahi kuonekana karibu kiasi hicho tangu mwaka 1623, na hata mwaka ule zilikuwa karibu mno na jua, hivyo ikawa vigumu kuziona. Watu wengi waliiita nyota ya Noeli. Lakini usiku ule Mushtarii ilikuwa umbali wa kilomita milioni 890 hivi kutoka kwetu, na Zohali zaidi ya kilomita milioni 1,600. Kati yake palikuwa na kilomita zisizopungua milioni 700. Hazikukutana. Mushtarii humaliza mzunguko wake kwa miaka karibu 12, na Zohali kwa miaka zaidi ya 29. Iliyo nyepesi huifikia iliyo nzito wa mwendo na kuipita kila baada ya miaka 20 hivi. Zitakaribiana tena mwaka 2040, tena bila kuomba ruhusa ya mtu.

Hali kadhalika jioni za mwishoni mwa Januari 2025. Aliyetazama juu saa moja na nusu usiku aliweza kuziona sayari nne kwa macho matupu: Zuhura iking'aa mno magharibi na Zohali karibu yake, Mushtarii juu upande wa kaskazini, na Mirihi nyekundu upande wa mashariki. Uranusi na Neptuni nazo zilikuwemo, ila kwa hizo ilihitajika darubini. Simu zetu zilisema mengi majuma yale. Anga lenyewe lilikuwa tulivu, na asubuhi yake maduka yalifunguliwa kama kawaida.

Tena haikuwa mara ya kwanza. Machi 1982 watu walitangaziwa maafa kwa sababu sayari zilikuwa upande mmoja wa jua. Mei 5, 2000 wakatangaziwa tena, safari hii sayari tano zikiwa zimekusanyika upande wa jua pamoja na mwezi. Siku zote mbili zilipita. Yafaa tuyakumbuke hayo, maana wanaotangaza maafa hawana desturi ya kurudi kutuambia kwamba hayakutokea.

Je, sayari hazina nguvu yoyote juu ya Dunia? Swali hili ni halali, na jibu lake wanalijua wavuvi wa Feri kuliko wengi wetu. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, jua, mwezi na Dunia huwa karibu katika mstari mmoja, na siku zinazofuata huja maji ya bamvua: bahari hujaa sana na kupwa sana. Mwezi ukiwa nusu, huja maji mafu. Huo ndio mpangilio wa mbinguni unaogusa maisha ya jiji hili kila mwezi, kuanzia ngarawa zinazosubiri maji mpaka bei ya samaki mnadani. Lakini Zuhura, hata inapokuwa karibu nasi kuliko sayari nyingine yoyote, nguvu yake ya kuvuta maji ya bahari haifiki sehemu moja ya elfu kumi ya ile ya mwezi. Mushtarii, kwa ukubwa wake wote, iko mbali mno, na nguvu yake ni ndogo zaidi ya hiyo. Sayari isiyoweza kuinua maji ya Kivukoni hata kwa unene wa unywele, itawezaje kufunga duka la mtu Kariakoo?

Nasema duka kwa sababu hapo ndipo jambo hili linapouma. Mama mmoja anayeuza vitenge, ambaye ameniruhusu nisimulie habari zake pasipo kumtaja, alikuja ofisini baada ya kumaliza laki tatu, fedha ya mtaji, kwa mtu aliyemwambia kwamba nyota yake ya biashara imefunikwa na jirani yake wa fremu. Fedha ilikwisha na wateja hawakuongezeka. Lililoongezeka ni uadui: hakuwa akisalimiana tena na yule jirani, ambaye zamani walikuwa wakilindiana mzigo mmoja akienda kula. Akaniuliza kwa unyofu kabisa, "Baba, kwani nyota yangu ni ipi kati ya zile za juu?" Nikamjibu, "Mama, hakuna yako, wala hakuna ya jirani yako. Zote ni za Mungu, na wote mnaruhusiwa kuzitazama bure."

Hasara ya fedha ni kubwa, lakini naiona hasara ya pili kuwa kubwa zaidi. Anayeamini kwamba nyota yake imeibiwa hana budi kumtafuta mwizi, naye humpata miongoni mwa watu wa karibu: jirani, shemeji, mke mwenza wa mama yake, mfanyakazi wa ndani. Sayari iliyo umbali wa mamilioni ya kilomita inageuzwa kuwa sababu ya kutomsalimu mtu aliye umbali wa hatua mbili.

Jambo hili si la dini moja, na naomba tusilitumie kuwanyoshea wenzetu kidole. Jiji letu lina historia ndefu ya unajimu. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki dunia mwaka 2011, alijulikana kote Afrika Mashariki kwa utabiri wake. Lakini wanazuoni wengi wa Kiislamu wanakataza utabiri wa nyota kama tunavyoukataza sisi. Na kwa upande wetu Wakristo, wapo wanaojiita watumishi wa Mungu wanaouza mafuta na maji kwa ahadi ile ile ya kurudisha nyota iliyoibwa. Jina la Yesu likiwekwa juu ya chupa halibadilishi kilichomo katika biashara hiyo.

Mafundisho ya Kanisa yako wazi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, inakataa unajimu na aina zote za ramli, na kueleza kwamba nyuma yake imejificha tamaa ya mwanadamu kutaka kuutawala wakati na kuwatawala wenzake. Mtakatifu Augustino, ambaye ujanani mwake alivutwa na wanajimu, anasimulia katika kitabu cha saba cha Maungamo yake habari za Firminus. Huyu alizaliwa katika nyumba ya wenye mali, na saa ile ile akazaliwa mtoto wa mtumwa katika nyumba ya rafiki wa baba yake. Anga lilikuwa moja kwa wote wawili. Mmoja akakua katika heshima na elimu, mwingine akabaki mtumwa. Hoja hiyo mtu yeyote aweza kuipima leo: watoto wanaozaliwa usiku mmoja katika wodi moja ya Amana hawaishi maisha yanayofanana. Kinachotofautisha maisha yao ni malezi, shule, afya, juhudi, na haki au dhuluma wanayokutana nayo njiani.

Naye mwandishi wa sura ya kwanza ya kitabu cha Mwanzo, aliyeandika kati ya mataifa yaliyoabudu jua na mwezi, hakuvitaja hata kwa majina yake. Aliviita mianga tu, iliyowekwa ili itumike kupima siku na majira. Taa hutumiwa, haitolewi sadaka.

Hapo msomaji makini ataniuliza: mbona Mamajusi waliongozwa na nyota, na sisi tunaiadhimisha habari hiyo kila mwaka katika Tokeo la Bwana? Ni swali zuri. Johannes Kepler, mtaalamu mkubwa wa elimu ya sayari, alizishuhudia Mushtarii na Zohali zikikaribiana mwishoni mwa mwaka 1603 akiwa Prague. Baadaye alikokotoa kwamba mwaka wa 7 kabla ya Kristo sayari hizo zilikaribiana mara tatu, akalihusisha jambo hilo na nyota ya Bethlehemu. Baba Mtakatifu Benedikto wa XVI naye aliizungumzia dhana hiyo katika kitabu chake cha mwaka 2012 kuhusu utoto wa Yesu. Kanisa halitulazimishi kuipokea wala kuikataa.

Lakini tumsome Mathayo kwa utulivu. Nyota haikuwaambia Mamajusi kama biashara yao itastawi, wala nani amewaroga. Iliwatoa nyumbani kwao. Walipofika Yerusalemu iliwabidi waulize watu, na jibu lilitoka katika Maandiko. Tena wao ndio waliotoa zawadi, wakampa Mtoto. Hawakumlipa mtu awasafishie kitu. Nyota iliyomwongoza mtu kutoka nyumbani kwake hadi kwa Mungu haifanani hata kidogo na nyota inayomwongoza kutoka kwa Mungu hadi kwa mganga.

Ipo hoja nyingine dhidi ya maoni yangu, nayo naiheshimu zaidi. Watasema: "Baba Paroko, watu wanahangaika na kodi ya fremu na ada za watoto, nawe unawaambia watazame sayari?" Nitajibu kwa habari ya Bruda Guy Consolmagno, Mjesuiti Mmarekani aliyekuwa mkurugenzi wa Kituo cha Kuchunguza Anga cha Vatikani kuanzia mwaka 2015 hadi 2025. Kituo hicho ni cha Kanisa letu, na Papa Leo XIII alikianzisha upya mwaka 1891. Kabla ya kuingia utawa, Bruda Guy alikuwa mtafiti nchini kwao, akaingiwa na mashaka hayo hayo: kuna faida gani kuchunguza sayari wakati watu wanakufa njaa? Mwaka 1983 aliacha utafiti, akajiunga na Peace Corps, akaja Kenya kufundisha fizikia na elimu ya nyota. Yeye mwenyewe anasimulia kwamba alipokwenda vijijini na darubini ndogo, watu walitaka kutazama mwezi na pete za Zohali, nao walistaajabu kwa namna ile ile aliyoizoea kwa watu wa kwao. Akatambua kwamba kustaajabia mbingu si anasa ya walioshiba. Ni njaa ya mwanadamu, nayo yahitaji kulishwa.

Na mwanadamu asiyelishwa chakula safi hula cha sumu. Ndiyo maana kila anga linapokuwa na tukio, wa kwanza kulieleza mitaani kwetu ni mtu wa namba ya kutuma fedha. Sivyo ilivyokuwa Septemba 1, 2016, jua lilipobaki mithili ya pete juu ya Rujewa, wilayani Mbarali mkoani Mbeya. Umati ulikusanyika pale kutazama kwa miwani maalumu, kwa sababu watu walikuwa wameelezwa mapema. Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania ni mmoja wa wataalamu ambao kwa miaka mingi wamekuwa wakiuelimisha umma kuhusu mambo haya. Elimu ya nyota ina fadhila moja ambayo ramli haina: inasema mapema, inataja saa, na kila mtu aweza kuhakikisha. Juni 8, 2004 Zuhura ilipita mbele ya jua kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 8 mchana kwa saa zetu, kama ilivyokokotolewa. Ikapita tena Juni 2012, na haitapita hivyo tena mpaka Desemba 2117. Wajukuu wa wajukuu zetu wataweza kupima kama hesabu hiyo ni ya kweli.

Basi tufanyeje sisi wa Kariakoo na vitongoji vyake, tuliozungukwa na maghorofa na taa? Ni kweli kwamba taa za Msimbazi, Kongo na Swahili zimetufichia nyota nyingi. Kilimia, ambacho wazee wetu wa pwani walikitumia kujua majira ya mvua na kilimo, hapa kwetu hakionekani vizuri. Lakini sayari kubwa hazifichiki. Zuhura na Mushtarii hung'aa kuliko nyota yoyote ya usiku, na mwanga wake hupenya hata juu ya mtaa uliojaa taa. Mungu ametuachia vitabu vichache visivyofunikwa na vumbi la jiji.

Napendekeza mambo manne mepesi. Kwanza, pandeni juu ya ghorofa pale mnapoanika nguo, au nendeni pamoja uwanja wa Mnazi Mmoja. Lakini nendeni kwa kikundi, kwa ajili ya usalama. Pili, jueni kuzitofautisha: nyota humetameta, sayari hung'aa kwa utulivu. Zuhura hutaiona kamwe usiku wa manane, kwa kuwa haiendi mbali na jua; huonekana jioni magharibi au alfajiri mashariki. Mirihi ni nyekundu. Tatu, chukueni daftari. Chora mahali sayari ilipo ukilinganisha na nyota zilizo jirani yake, urudie kila juma kwa muda wa miezi miwili, nawe utaiona inahama. Nne, anayeweza kupata darubini ndogo ya mkononi aiegemeze ukutani aitazame Mushtarii. Ataona vinukta vya miezi yake minne, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Ila kamwe, nasisitiza kamwe, msilitazame jua kwa darubini wala kwa macho matupu.

Nawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogondogo, walezi wa Utoto Mtakatifu na wa vijana, watenge jioni moja kila mwezi kwa ajili ya jambo hili. Haihitaji bajeti. Baada ya sala ya jumuiya, watu watoke nje robo saa, watazame, waulizane, kisha wamshukuru Mungu na kurudi majumbani. Na jirani wa dini nyingine akipita akauliza mnatazama nini, mkaribisheni. Wenzetu Waislamu wamezoea kuutafuta mwezi mwandamo, nasi Pasaka yetu huipanga kwa mwezi mpevu. Sote tumewahi kuinua macho kabla ya kufunga na kabla ya kufungua.

Yule mama wa vitenge bado anadaiwa, na mtaji wake haujarudi wote. Hilo silifichi. Lakini juma lililopita nilisikia kwamba yeye na jirani yake wameanza tena kulindiana mzigo. Tumwombee, na tuwaombee wote waliotozwa fedha kwa ajili ya kile ambacho Mungu amekitandaza juu ya kila paa, la tajiri na la maskini, bila kudai hata senti moja.

Nawatakieni juma lenye baraka na anga lisilo na mawingu.